Ratiba ya Wiki ya Chuo Isiyokufa Wiki ya Tatu: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Kila muhula mambo ni yale yale. Wiki ya kwanza naonyeshwa picha za ratiba zilizobandikwa ukutani, zimepigwa rula, kila kozi na rangi yake. Wiki ya tatu wenye ratiba hizo hizo wananiuliza mbona hazifuatiki. Wiki ya kumi hakuna anayeuliza tena; kila mtu anatafuta madesa, yaani notisi za kunakili kwa wenzake.

Nimezikagua nyingi, na karibu zote zina ugonjwa mmoja: zimeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi ambaye hayupo. Mwanafunzi huyo anaamka saa kumi na moja alfajiri siku zote saba, hafui nguo, haugui, hapigiwi simu na nyumbani, na akitoka kipindini saa sita kamili, saa sita na dakika moja yuko maktaba ameshafungua kitabu.

Hapa tutamtengenezea ratiba mtu aliyepo. Itakuwa na nafasi tupu nyingi kuliko ulivyozoea kuona, na itakuwa na watu ndani yake. Mazoea ya chuo yanayodumu mpaka mwisho wa muhula karibu yote yana mwenzako anayekungoja mahali fulani.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Ratiba rasmi ya vipindi vyako, ile ya mwisho. Ratiba za mwanzo wa muhula hubadilika, kwa hiyo hakikisha na kiongozi wa darasa.
- Almanaka ya chuo: tarehe za kuanza, za mapumziko na za mitihani.
- Muhtasari wa kila kozi, wenye tarehe za asaimenti na majaribio.
- Karatasi moja kubwa, penseli na kifutio. Kalamu ya wino iweke kando; utafuta sana.
- Daftari dogo linaloingia mfukoni.
- Saa au kengele ambayo si simu yako.
- Watu wawili hadi wanne mnaosoma kozi moja, au mnaoishi jengo moja.

Muda: siku saba za kuandika tu, kisha kama saa tatu za kukaa chini na kupanga. Usiruke zile siku saba. Wanaoziruka ndio wanaorudi wiki ya tatu.

## Hatua ya 1: Andika wiki moja ilivyo kweli

Kwa siku saba, kila unapobadilisha shughuli, andika saa na ulichokuwa unafanya. Mstari mmoja unatosha: "2:10–3:00, foleni ya bafu na kuvaa." "10:00–11:40, maktaba, nusu yake simu."

Sababu ni kwamba hatujui muda wetu unakwenda wapi, na tukikadiria tunakosea kuelekea upande ule ule. Mwaka 1994 Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross walichapisha utafiti juu ya wanafunzi waliokuwa wakimalizia tasnifu. Kwa wastani walikadiria kumaliza ndani ya siku 34 hivi. Walitumia 55 na ushei. Walipotakiwa kukadiria kana kwamba kila kitu kitakwenda mrama, walisema siku 48 na ushei, na bado hazikutosha. Hao walikuwa wanafunzi wa miaka ya mwisho, wazoefu wa kazi za chuo.

Tahadhari: usijirekebishe wiki hiyo. Ukianza kuwa mwema kwa sababu unajiandika, utapanga ratiba juu ya uongo. Kama uliangalia video mpaka saa nane usiku, andika saa nane usiku. Daftari ni lako.

Ukimaliza, yasome yote kwa mkupuo mmoja. Yasipokushtua mambo mawili matatu, hukuandika vizuri. Mimi lililonishtua lilikuwa safari: nilikuwa napoteza karibu saa saba kwa wiki kurudi chumbani kuchukua kitu na kutoka tena.

## Hatua ya 2: Piga hesabu ya saa 168

Wiki ina saa 168 kwa kila mtu. Toa usingizi wa saa nane kila siku, yaani 56, zinabaki 112. Toa vipindi, tuseme 18, zinabaki 94. Toa saa tatu za kila siku za kula, kuoga, kufua na kupanga chumba, yaani 21; zinabaki 73. Toa safari na foleni, tuseme 10. Una saa 63.

Wengi wakifika hapa hucheka, kwa sababu walidhani hawana muda. Muda upo, ila umekatika vipande vipande, na vipande hivyo ndivyo vinavyotuumiza.

Sasa jua kozi zinadai kiasi gani. Kanuni ya zamani inasema saa moja ya mhadhara inahitaji saa mbili za kujisomea. Vyuo vinavyotumia krediti, yaani vipimo vya uzito wa kozi, vina hesabu kamili zaidi. Katika mfumo wa krediti wa Ulaya, krediti moja ni kazi ya saa 25 hadi 30, kwa hiyo kozi ya krediti 6 ni saa 150 hadi 180 kwa muhula, vipindi vikiwa ndani yake. Ukigawa kwa wiki 15 unapata saa 10 hadi 12 kwa wiki kwa kozi hiyo moja. Uingereza krediti moja ni saa 10. Fungua kitabu cha mwongozo cha chuo chako utafute wanavyohesabu wao, kisha uandike namba ya kila kozi.

Halafu kila kadirio ulilobuni mwenyewe lizidishe kwa moja na nusu. Ukidhani asaimenti ni ya saa nne, iandikie sita. Kumbuka wale wa siku 34.

## Hatua ya 3: Piga vigingi vitatu

Hapa ndipo penye uzito wa kazi yote, kwa hiyo usiende mbio.

Kigingi ni jambo lisilosogea. Hema likiwa na vigingi imara, turubai linaweza kupepea na hema likabaki limesimama. Wanaojaza kila kisanduku cha ratiba wamegeuza hema zima kuwa kigingi: upepo ukivuma kidogo, linang'oka lote.

Vigingi vyako ni hivi.

Kigingi cha kwanza: saa ya kuamka. Nasema kuamka. Saa ya kulala huitawali kila siku, maana rumeti ana wageni, asaimenti imechelewa, kelele za korido haziishi. Lakini ukiamka saa ile ile bila kujali ulilala saa ngapi, usiku unaofuata usingizi utakudai wenyewe na utalala mapema. Chagua saa unayoiweza hata Jumapili. Saa moja asubuhi ya kila siku ina faida kuliko saa kumi na moja ya siku mbili.

Kigingi cha pili: kipande cha kwanza cha msuli, yaani cha kujisomea, kilichofungwa kwenye tukio. Usiandike "kusoma saa tisa". Andika: "Nikitoka kipindi cha mwisho, kabla sijaingia chumbani, nakaa meza ya tatu dirishani, maktaba, saa moja." Tukio, mahali, muda. Peter Gollwitzer na Veronika Brandstätter walilijaribu jambo hili kwa wanafunzi waliopewa kazi ya kuandika ripoti wakati wa sikukuu ya Krismasi. Wale waliotamka wataandika lini na wapi, karibu robo tatu yao waliimaliza kwa wakati. Wale waliokuwa na nia tu, kama theluthi moja. Nia zilikuwa sawa.

Maneno "kabla sijaingia chumbani" yanabeba kazi kubwa. Kitanda ni mshindani usiyemuweza. Ukishakaa "dakika mbili tu" umekwisha.

Kigingi cha tatu: kikao cha wiki. Nusu saa, siku ile ile, ya kuangalia wiki iliyopita na ijayo. Nitakieleza kwenye hatua ya 8.

Vitatu vinatosha kwa sababu mazoea huchelewa kuota. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea zoea moja dogo kila mmoja. Ilichukua wastani wa siku 66 zoea kuwa la kujiendea lenyewe, na tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa mno, kuanzia siku 18 hadi makadirio ya 254. Muhula wa wiki 15 una siku 105. Maana yake, zoea unalolianza wiki ya kwanza huenda likakolea wiki ya kumi, na unaloanza wiki ya nane litakolea ukiwa likizo. Anza na machache, anza mapema.

Kuna habari njema ndani ya utafiti huo huo: kukosa siku moja hakukuwarudisha nyuma watu kwa kiasi cha maana. Kwa hiyo ukilala kupita kengele Jumatano, Alhamisi endelea kama kawaida. Hakuna "nitaanza upya Jumatatu". Sentensi hiyo imezika ratiba nyingi kuliko uvivu.

Utajuaje vimekubali: mwenzako anakutafuta kwenye ile meza bila kukupigia simu.

## Hatua ya 4: Panga vipande vya msuli kuzunguka vigingi

Chukua karatasi kubwa. Jaza kwanza vipindi, kisha vigingi, kisha sasa vipande vya kujisomea. Kila kipande kiwe cha dakika 50 hadi 90. Zaidi ya hapo, simama na utembee.

Kuna kipande kimoja kidogo ambacho kikikosekana vingine vyote vinakuwa na kazi maradufu: dakika 20 za siku ile ile ya mhadhara. Funga daftari, funga slaidi, chukua karatasi tupu uandike unachokumbuka. Ukikwama, kwama kidogo. Halafu ndipo ufungue uone ulichokosa, ukiandike kwa rangi nyingine.

Najua wengi mtapendelea kusoma tena. Kusoma tena kunatuliza roho, kwa sababu maneno unayafahamu na unajiona umeelewa. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilinganisha njia hizi mwaka 2006. Waliosoma kifungu mara nne waliwashinda wenzao walipopimwa baada ya dakika tano. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliosoma mara moja na kujaribu kukumbuka mara tatu walikumbuka asilimia 61, na waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 40. Mtihani wa chuo hauji baada ya dakika tano.

Mambo mengine ya kuzingatia, kwa ufupi:

Andika kazi yenye kitenzi na mwisho. "Takwimu" si kazi. "Fanya swali la 1 hadi la 6, sura ya nne, bila kuangalia majibu" ni kazi, na utajua imeisha lini.

Kozi ngumu iwekee saa unayokuwa macho zaidi. Daftari la hatua ya 1 litakuonyesha saa hiyo. Usimwige rafiki yako anayesoma usiku wa manane.

Usiipe kozi moja siku nzima. Kozi moja ikipata vipande vitatu kwa siku tatu tofauti, itakaa kichwani kuliko vipande vitatu vya Jumamosi moja.

Simu iache chumba kingine, au mpe mtu. Kuigeuza kifudifudi mezani hakutoshi. Kama kuanza ni shida, jaribu mtindo wa Francesco Cirillo: dakika 25 za kazi, 5 za kupumzika, kwa kutumia kengele. Yeye mwenyewe alianza akiwa mwanafunzi wa chuo, kwa kutumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya.

## Hatua ya 5: Acha matundu

Futa robo ya vipande ulivyoandika. Nimesema futa, ndiyo maana nilikwambia penseli.

Halafu chagua kipande kimoja cha saa mbili au tatu karibu na mwisho wa wiki ukiite fidia. Chochote kilichoangushwa Jumatatu hadi Alhamisi kinaingia hapo. Bila fidia, asaimenti iliyochelewa Jumanne inakula muda wa Jumatano, Jumatano inakula Alhamisi, na kufikia Ijumaa umesusa ratiba nzima. Kama hakuna kilichoanguka, fidia ni muda wako. Usiujaze.

## Hatua ya 6: Unda diskasheni inayofanya kazi

Mwaka wangu wa pili nilikuwa kwenye diskasheni, kikundi cha kujadili masomo, ya watu tisa. Wawili walifundisha, watatu walinakili, wanne walikuja kupiga soga, na kila mtu aliondoka akiamini amesoma saa tatu. Nilipata sapu, yaani mtihani wa kurudia, ya kozi ile ile tuliyoijadili kuliko zote.

Idadi inayofaa ni watatu hadi watano. Wakizidi hapo, kuna atakayejificha.

Utaratibu ambao nimeona ukifanya kazi ni huu. Maswali yanachaguliwa siku mbili kabla, matano au sita, hasa ya mitihani iliyopita. Kila mtu anajaribu peke yake. Anayekuja bila hata jaribio moja anasikiliza tu siku hiyo, haulizi wala hapigi picha majibu. Mkikutana, mtu mmoja anasimama ubaoni na kueleza swali moja huku wengine wakimkatiza. Swali linalofuata, mtu mwingine, na ikiwezekana awe yule aliyelikosea, maana aliyelikosea ndiye atakayeonyesha mahali penye mtego.

Hakuna kusoma slaidi kwa sauti. Slaidi kila mtu anazo.

Diskasheni iwe na saa ya kuisha, na iishe. Dakika 90 ni nyingi tayari. Ikianza kuvuka muda, wanaoheshimu ratiba zao wataacha kuja, nanyi mtabaki wapiga soga.

Tahadhari: kuna mtu wa kukusanya madesa. Haji kujadili, anakuja kuomba utume faili. Mtumie kama unapenda, ila usimpe kiti. Kiti chake kinachukua nafasi ya mtu atakayekuuliza "kwa nini?"

Jambo la kuangalia ni nani anayeuliza. Kwenye diskasheni hai, hata mwenye alama za juu husema "hapa sijaelewa" bila aibu. Mkiona wiki tatu zimepita hakuna aliyesema hivyo, mnadanganyana kwa adabu.

## Hatua ya 7: Tia mila ndogo

Hatua hii watu huiona ya mchezo na kuiruka. Mimi naiweka karibu na vigingi kwa umuhimu, kwa sababu nidhamu ya mtu mmoja huchoka, na siku ya kuchoka kwake kinachomtoa kitandani ni wenzake wanaomngoja.

Mila ndogo ni jambo la kurudiwarudiwa, lisilo na faida kubwa machoni pa mtu wa nje, ambalo nyinyi mnaliona si kawaida kulikosa. Katika mtaa wa Flogsta wanakoishi wanafunzi mjini Uppsala, Sweden, saa nne usiku watu hufungua madirisha na kupiga mayowe kwenda gizani. Basi. Hakuna kiingilio, hakuna kamati, na wanafunzi wapya hujifunza kwa kusikia. Ukiitazama utaona kwa nini inadumu: saa yake inajulikana, haina gharama, haimtegemei kiongozi, na inaisha upesi. Mila yako ipime kwa mambo hayo manne.

Baadhi ya mila nilizoziona zikishika, uchukue unayotaka au ubuni yako:

Matembezi ya kipindi cha mwisho. Kipindi cha mwisho cha wiki kikiisha, mnazunguka chuo mara moja kwa miguu kabla ya kutawanyika. Kila mmoja anasema jambo moja lililomshinda wiki hiyo. Nusu ya maswali ya diskasheni yetu yalizaliwa hapo.

Usafi wa nyimbo tatu. Rumeti mnaweka nyimbo tatu, na mpaka ya tatu iishe chumba kiwe safi. Wimbo ukiisha, mnaacha hata kama ndoo imebaki katikati ya sakafu. Ugomvi wa "zamu ya nani" hupungua sana.

Mtihani hausahihishwi mlangoni. Mkitoka chumba cha mtihani hakuna anayeuliza "swali la tatu uliweka nini?" mpaka mitihani yote iishe. Aliyevunja anabeba mikoba ya wenzake mpaka bwenini. Hii naipenda kuliko zote, kwa sababu inaokoa mtihani wa kesho.

Picha ya mahali pamoja. Siku ya kwanza ya kila muhula, watu wale wale, ngazi zile zile. Muhula wa kwanza inaonekana upuuzi. Mwaka wa mwisho mtagombania nakala.

Simu ya nyumbani siku maalumu. Wazazi wakijua unapiga Jumapili jioni, wasiwasi wao wa katikati ya wiki unapungua, na wewe hukatizwi katikati ya msuli.

Tahadhari, na hapa sitanii: mila ikianza kuhitaji kumdhalilisha mtu ili aingie, si mila tena, ni uonevu. Vivyo hivyo ile inayodai michango ambayo mmoja wenu atakopa ili aitoe. Mtu asiyetaka kushiriki abaki rafiki. Na mila ikichosha, iacheni ife. Hakuna haja ya kuifanyia mazishi.

Mila imekubali siku utakayoisahau wewe na mwingine akakukumbusha.

## Hatua ya 8: Kikao cha wiki

Nusu saa, karatasi kubwa mezani, daftari dogo, penseli. Jiulize mambo matatu tu.

Nini kilianguka, na kilianguka kwa sababu gani? Kipande kikianguka mara moja ni ajali. Kikianguka wiki mbili mfululizo, kihamishe au ukifute. Usikiandike tena palepale kwa matumaini.

Nini kinakuja ndani ya siku 14? Soma mihtasari ya kozi na almanaka. Siku 14 ni muhimu kwa sababu asaimenti ya wiki ijayo mara nyingi ilitakiwa kuanzwa wiki hii.

Nini kazi moja ya Jumatatu asubuhi? Iandike kwa kitenzi, uweke vifaa vyake juu ya meza kabla ya kulala. Jumatatu usiikute na swali la "nianze na nini?"

Wengine hufanya kikao hiki wawili wawili, kila mtu na karatasi yake, kimya kimya. Ni njia nzuri. Msibadilishane ushauri sana. Kuwepo tu kunatosha.

## Hatua ya 9: Wiki za mitihani

Hapa vipande vinaongezeka na vigingi vinabaki pale pale. Watu hufanya kinyume: wanaanza kwa kung'oa kigingi cha kuamka, wanakesha, wanalala mchana, na mtihani wa saa mbili asubuhi unaukuta mwili ukidhani ni usiku wa manane.

Kuhusu kukesha: Williamson na Feyer walionyesha mwaka 2000 kuwa mtu aliyekaa macho saa 17 hadi 19 hufanya baadhi ya majaribio kama mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu, au vibaya zaidi. Ukiamka saa moja asubuhi, saa 17 zinatimia saa sita usiku. Kinachosomwa baada ya hapo kinasomwa na mlevi.

Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu vina saa zake. Utafiti wa mwaka 2013 uliwapa watu miligramu 400 za kafeini saa sita kabla ya kulala, na walipoteza zaidi ya saa moja ya usingizi. Kama unalala saa tano usiku, kikombe cha mwisho kiwe kabla ya saa kumi na moja jioni, na mapema zaidi ni bora.

Mitihani iliyopita ifanye kwa saa, ukiwa umekaa peke yako, bila madesa. Angalau mmoja kwa kila kozi. Kisha uupeleke kwenye diskasheni. Mila ndogo msiziache wiki hizi, fupisheni tu. Matembezi ya dakika 10 ni matembezi.

## Ikivunjika, fanya hivi

Umeugua au umesafiri, umepoteza wiki nzima. Usijaribu kulipa wiki yote. Siku ya kwanza rudisha kigingi cha kuamka peke yake. Siku ya pili ongeza ile saa moja ya maktaba. Siku ya tatu waombe wenzako wakueleze vipindi ulivyokosa kwa mdomo, dakika 15 kila kimoja, ndipo ufungue slaidi.

Ratiba ya vipindi imebadilishwa katikati ya muhula. Usifute karatasi yote. Angalia kama tukio lililofungwa kwenye kigingi cha pili bado lipo. Kama kipindi cha mwisho kimehamia asubuhi, badili tukio, uache meza ile ile.

Rumeti haendani na ratiba yako. Zungumzeni jambo moja tu, taa au kelele, na muda maalumu: "Baada ya saa tano usiku tutumie taa ya mezani." Ukimpa orodha ya malalamiko kumi hatatekeleza hata moja. Akikataa kabisa, hamishia vipande vya usiku nje ya chumba na usipigane naye. Mnalala humo mwaka mzima.

Unafuata ratiba yote na alama bado ziko chini. Angalia vipande vyako vilikuwa vya kusoma au vya kujipima. Mara nyingi ni vya kusoma. Badili nusu yake viwe vya karatasi tupu na maswali, ukae hivyo wiki tatu, kisha nenda na karatasi ya jaribio lililosahihishwa kwa mhadhiri wako, saa zake za kuonana na wanafunzi, umuulize alama zimekatwa wapi. Nenda na swali moja lililoandikwa. Ukienda na "sielewi kitu", utatoka na "soma zaidi".